Vikapu vya Karatasi vya Pasaka: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kikapu kilichokaa wima mezani Jumamosi usiku hukutwa kuta zimelegea Jumapili asubuhi, na lawama humwendea aliyekikata. Mara nyingi si haki. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, joto la kaskazi likiwa bado halijaondoka na masika yakibisha hodi. Hewa ya Mombasa wakati huo imejaa unyevu, na karatasi huunywa unyevu huo. Nyuzi zake huvimba, mikunjo hulegea, gundi huchelewa kukauka. Mengi yanayosemwa kuhusu vikapu hivi yanasahau jambo hilo.

“Karatasi ikiwa nene zaidi, kikapu ni imara zaidi”

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ni nyepesi mno, hilo ni kweli. Lakini ukivuka gramu 250 unaingia taabu nyingine: mkunjo hupasuka, rangi ya juu humenyuka, na ukuta hutaka kurudi ulikotoka hata gundi haishiki. Kikapu cha peremende na biskuti kinatosheka na manila ya gramu 160 hadi 220.

La muhimu kuliko unene ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani huwa na nyuzi nyingi zilizolala upande mmoja. Pinda karatasi polepole bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande utakaokubali kwa wepesi ndio ambao mkunjo wake uko sambamba na nyuzi. Mkunjo unaokatiza nyuzi ndio hupasuka, na unyevu huitanua karatasi zaidi kwa kukatiza nyuzi kuliko kwa kuzifuata. Ndiyo maana ukuta mmoja hujipinda na mwingine hukaa sawa.

Kabla ya kukunja mahali popote, pitisha kalamu ya wino iliyokwisha kando ya rula, ukikandamiza kiasi cha kuacha mfereji bila kuchana. Kazi hii ya dakika 2 ndiyo inayotofautisha kona kali na kona iliyovimba, na ndiyo ambayo watu wengi huiruka.

“Mshikio hukatika kwa sababu karatasi ni dhaifu”

Mara nyingi mshikio haukatiki. Hubanduka pale ulipobandikwa. Ncha ikigundishwa juu juu nje ya ukuta, kila mtoto anapoinua kikapu gundi huvutwa kama anayemenya ndizi, na gundi yoyote ni dhaifu kwa mvuto wa namna hiyo.

Dawa yake imo kwenye kikapu chenyewe cha mraba. Kutoka kwenye karatasi ya A4, yaani sentimita 21 kwa 29.7, kata mraba wa sentimita 21. Piga mistari kwenye sentimita 7 na 14, wima na mlalo, upate vyumba 9 vilivyo sawa. Chumba cha katikati ni kitako. Kwenye pande mbili zinazotazamana, kata mistari miwili ya kila upande kwa sentimita 7 tu, yaani mikato minne, ukiishia kwenye kona za kitako. Inua kuta, kisha vyumba vya pembeni vizungushe juu ya ukuta wa katikati. Utaona kuta mbili zimekuwa na tabaka tatu. Ncha ya mshikio iingie katikati ya tabaka hizo kwa sentimita 3, gundi pande zote mbili. Hapo uzito hauvuti tena kwa kumenya.

Kipande kilichobaki, sentimita 8.7 kwa 21, kinatoa mishikio. Tahadhari moja: nyuzi za A4 kwa kawaida hulala kwa urefu wa karatasi, kwa hiyo kipande hiki kimezikatiza na peke yake ni dhaifu. Kata vipande viwili vya upana wa sentimita 2, vibandike mgongo kwa mgongo, uvikaushe vikiwa vimepindwa juu ya chupa ili vishike umbo la upinde. Kikapu hiki ujazo wake ni kama mililita 340. Usikitwike zaidi ya gramu 150.

“Gundi nyingi hushika zaidi”

Gundi nyeupe hushika maji yake yanapoondoka. Ukiimwaga, maji hayo huingia kwenye karatasi, huikunyaza, na siku ya mvua hayana pa kwenda. Paka utando mwembamba kwa kidole au kipande cha kadibodi, bana kwa vibanio vya nguo dakika 10 hadi 15, kisha acha usiku kucha kabla ya kutia kitu. Feni husaidia, jua kali halisaidii, kwa sababu upande mmoja hukauka upesi na karatasi ikajipinda. Uji wa unga wa ngano unashika vizuri pia, ila huku kwetu huota ukungu na kuita mende, nao wanapanda hadi kwenye peremende.

Wengine hukimbilia stepla wakiona ni ya uhakika. Pini hubeba uzito kwenye matundu mawili madogo, na karatasi iliyolowa huchanikia hapo hapo. Tena hewa ya bahari huzitia kutu, na miguu yake humchoma mtoto anayechokora ndani. Ukilazimika, miguu itokee nje na uifunike kwa kipande cha karatasi.

“Cha kusuka ni kazi ya mafundi”

Pwani ambako mkeka wa miyaa na pakacha la makuti ni vitu vya kila siku, dhana hii inasikitisha. Chane za karatasi husukwa kwa mwendo ule ule wa juu na chini. Kinachowaangusha watu ni hesabu.

Wengi hukata chane za sentimita 1.5 na kusuka kitako cha chane 5 kwa 5. Kitako kinakuwa sentimita 7.5, mzunguko sentimita 30, na chane ya A4 ina 29.7. Haifiki. Kata chane za sentimita 1.3 kwa urefu wa karatasi: kitako ni 6.5, mzunguko ni 26, na inabaki sentimita 3.7 ya kupishanisha. Chane 10 za kitako na 5 za kuzungusha hutumia sentimita 19.5 za upana, na kinachosalia ndicho mshikio. Kikapu kizima kinatoka kwenye A4 moja.

Ukisha kusuka kitako, kunja chane zote 20 ziwe wima. Kila mzunguko uanze upande tofauti na wa chini yake, na kiungo chake kifichwe nyuma ya chane ya wima. Mizunguko 4 inatosha, ya 5 ukiweza. Ncha zilizobaki zikunje ndani juu ya mzunguko wa mwisho na uzichomeke chini ya mzunguko ulio chini yake. Usiache mwanya kati ya mizunguko, maana mabuyu yatapukutika.

“Weka mfuko wa plastiki ndani, utalinda karatasi”

Mifuko ya plastiki ya kubebea, na ile bapa isiyo na mishikio, imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017. Gazeti nalo si badala yake, kwani wino wake hushika kwenye chakula. Tandika karatasi ya kuokea, ipande hadi ukingoni.

Chagua pia cha kutia. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzijoto 34 na hulainika mapema zaidi, kwa hiyo chokoleti ikae kwenye friji mpaka dakika ya kugawa. Visheti vikavu na biskuti vinastahimili. Kashata huacha doa la mafuta, na sukari yake hunata ikivuta unyevu, basi ifungwe kivyake. Kaimati haina nafasi hapa kabisa. Mayai ya kuchemsha, hata yakipakwa rangi za kupendeza, yasikae nje ya friji zaidi ya saa moja joto likipita nyuzi 32.

“Sungura na kikapu vimo kwenye Biblia”

Havimo. Sungura wa mayai ni desturi ya Ujerumani, iliyoandikwa tayari mwaka 1682, na wahamiaji wa huko ndio walioipeleka Pennsylvania, Marekani. Asiyemtaka sungura asimchore. Pindo na mji wa leso, yaani mapambo ya ukingo na ya katikati, hupendeza zaidi kwenye kuta hizi, mradi uchore karatasi ikiwa bado bapa. Karatasi ya krepu iepuke, rangi yake hutoka ikiguswa na mkono wenye jasho.

“Tengeneza vyote mapema, Jumamosi upumzike”

Unachoweza kufanya wiki mbili kabla ni kukata na kupiga mifereji. Vifunge bapa kwenye kopo lenye mfuniko, juu yake kitabu kizito. Gundi ipakwe Ijumaa Kuu, vikauke usiku, Jumamosi vijazwe vitu vikavu tu na virudi kwenye kopo hadi asubuhi.