Fowili haishiki? Transfa iache kwanza

Masika yakianza tu, wenye magari ya fowili, yaani yanayoweza kuvutwa na matairi yote manne, wanakuja na maneno yale yale: "Fundi, fowili haishiki, nadhani transfa imekufa." Wengine wanakuja transfa ikiwa imeshashushwa na kurudishwa, hela imeliwa, na gari bado linachimba tope kwa matairi ya nyuma. Transfa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma, ni chuma kigumu. Vinavyokufa mapema ni vya pembeni: mipira ya vakyumu (mvuto wa hewa), plagi za umeme, na habu, vile vitovu vya matairi ya mbele vya kufunga na kufungua, ambazo hakuna aliyezigusa kwa miaka.

Pikapu nyingi za kazi huku kwetu zina miungano miwili ya fowili. Wa kwanza uko kwenye transfa, unaipa nguvu propela ya mbele, ile shafti ndefu inayoenda kwenye ekseli ya mbele. Wa pili uko mbele kabisa: Land Cruiser 79 nyingi zina habu unazofunga kwa mkono, Hilux Vigo ina mota ya umeme kwenye difu (gia za katikati ya ekseli), na Isuzu D-Max za mwanzo zinavutwa kwa vakyumu. Mmoja usiposhika, huna fowili, hata ukivuta liva mpaka ipinde.

Kwa hiyo kabla ya kulegeza nati yoyote, tafuta nguvu inaishia wapi. Ingiza 4H (fowili ya mwendo wa kawaida) injini ikiunguruma, sogea hatua chache, kisha zima. Ziba matairi ya nyuma kwa mawe, vuta hendibreki, inua mbele matairi yote mawili yaelee na uweke stendi. Jeki peke yake hapana, ninyi mna watoto. Ingia chini, zungusha propela ya mbele kwa mkono. Ikizunguka, transfa haijaingia. Ikigoma, na ukasikia mchezo mdogo tu wa meno, transfa ni nzima, achana nayo. Sasa zungusha tairi moja la mbele: lile la upande wa pili lazima lizunguke kinyume. Likitulia tu, ugonjwa uko kwenye muungano wa pili, na nusu ya kazi umeshaimaliza bila spana.

Taa ya dashibodi usiiamini sana. Kwenye Cruiser yenye habu za mkono, taa inapata habari zake kwenye transfa. Habu zikiwa FREE (hazijafungwa) itawaka vizuri kabisa na wewe umekwama.

Habu zenyewe hazina siri. Kifuniko kina bolti sita ndogo za spana ya 10, na ndani mara nyingi utakuta grisi iliyoganda kama lami, springi haiwezi kusukuma kitu. Osha, kausha, paka grisi kidogo. Kujaza grisi pomoni kunagandisha vilevile. Wakati wa kurudisha usikaze kwa hasira, bolti hizo zinakatika vichwa. Toyota wenyewe wanashauri fowili itumike walau kilomita 16 kila mwezi ili vyuma vya mbele vipate mafuta. Ifanyie kwenye vumbi au changarawe, lami kavu itakuumizia propela.

D-Max ndiyo inayosumbua watu, na taa yake inayopepesa bila kutulia inawatia hofu bure. Dizeli haina vakyumu ya kwake, inategemea pampu, ambayo kwa injini nyingi za Isuzu imekaa nyuma ya oltaneta. Pampu hiyo hiyo inalisha breki. Kama pedali imekuwa ngumu siku hizi, anza na pampu. Kama breki ziko laini, fuata mipira midogo kutoka kwenye solenoidi (vali ya umeme inayoelekeza vakyumu) hadi ekseli ya mbele, ukiipinda kwa vidole: iliyokauka itapasuka mkononi mwako. Mipira ikiwa mizima, badilishana ile miwili inayoingia kwenye daiframu, kile kikopo chenye ngozi ya mpira kinachovuta uma wa kuunganisha ekseli. Muungano wa mbele ukishika ukiwa kwenye 2H (matairi ya nyuma pekee) injini ikiunguruma, basi daiframu na uma wake ni wazima, na shida iko kwenye solenoidi au waya. Jaribio hilo halina gharama, na limeokoa daiframu nyingi zilizokuwa zinaenda kutupwa.

Vigo mweke mtu chini asikilize huku wewe unaingiza 4H. Mota nzima inalia kidogo. Ikinyamaza, chomoa plagi: kijani cha kutu ni jambo la kawaida kwa gari linalovuka maji. Safisha, pima umeme. Umeme ukifika na mota ikanyamaza, imekufa, na ukiifungua usishangae kukuta maji ndani.

Ikiwa ni propela iliyozunguka kule mwanzo, bado usishushe. Tazama kwanza bushi za liva, maana zikilika liva inatembea bila kufikisha kitu. Na 4L (fowili ya polepole yenye nguvu) inataka gari lisimame na gia iwe nyutro, wengi hawalifanyi hilo. Hayo yote yakiwa sawa, hapo ndipo nashusha transfa, na ninachotafuta ni uma uliopinda au meno yaliyolika.