Tulime au tusilime? Kwanza nionyeshe majani

Bibi mmoja wa upande wa Wete aliniuliza jembe likiwa begani: "Bwana shamba, mwaka ule mlikuja mkatwambia tutifue vizuri, leo mwatwambia tusitifue. Sasa tulime au tusilime?" Nilicheka, kisha nikaona hapana la kuchekesha. Sisi watu wa udongo ndio tuliomchanganya.

Kilimo cha mazoea kila Mpemba anakijua: unafyeka, unachoma, unatifua konde zima, unapiga matuta, unapanda. Kilimo hifadhi kina nguzo tatu. Udongo uguswe kidogo tu, pale mbegu inapoingia. Uso wa konde usikae uchi. Mazao yapokezane au yachanganywe. Wengi hushika nguzo ya kwanza peke yake, maana ndiyo inayopumzisha mgongo, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Nayajua haya kwa kuwa yalinifika. Konde langu la kinongo, yaani udongo mwekundu, niliacha kulitifua, nikatandaza mabua ya mahindi na majani ya migomba. Wiki haikuisha, ng'ombe wa mtaani wakayamaliza. Na ungemgombeza nani? Kwetu mavuno yakishatoka, konde huwa la kila mwenye mfugo. Masika yalipoingia, matone yakaupiga ule udongo mtupu mpaka ukaganda juu kama sakafu, maji yakateleza yakaenda zao. Muhogo nilioung'oa ulikuwa vidole vitupu. Jirani yangu aliyetifua kama baba yake alivyotifua alinishinda mbali.

Utafiti mkubwa nao unakubaliana na konde langu. Mwaka 2015 ilitolewa tathmini iliyokusanya tafiti 610 kutoka nchi 63: kuacha kutifua kulishusha mavuno kwa wastani wa asilimia 5.7. Palipoongezwa matandazo na mzunguko wa mazao, pengo lilipungua, na kwenye maeneo makavu yanayotegemea mvua mavuno yaliweza hata kupanda. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Ken Giller wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, na wenzake walishauliza: mkulima mdogo wa Afrika atayatoa wapi hayo majani, na mifugo nayo inayataka?

Ndiyo maana siku hizi sianzi na jembe. Naanza na majani. Ya kwako huenda wapi? Kwa ng'ombe, kwenye moto, au yanabaki? Kama hayabaki, endelea kutifua kwanza huku ukitafuta njia ya kuyapata. Mbaazi kwenye mipaka au mstari wa miti ya kupogoa, majani yake ukayalaza kondeni, huchukua muda lakini huleta.

Swali la pili ni mteremko, na Pemba ni vilima na mabonde. Mvua ikikwangua milimita 1 tu ya udongo kwenye eka 1, zimeondoka kama tani 5. Jicho halioni. Utaona maji mekundu mferejini, ukasema ni masika. Hapo ubishi wangu hauna nafasi: konde la mteremko lifunikwe, na kama ni lazima upige matuta, yakingame mteremko. Matuta yanayoshuka na kilima ni mifereji uliyoichimba kwa mkono wako.

Ila kuna jambo ambalo vitabu vya kilimo hifadhi huliruka. Vingi vimeandikwa kwa ajili ya nafaka na soya, kwenye mashamba makubwa kama ya Paraná, Brazil, ambako mkulima Herbert Bartz alianza kulima bila kutifua mwaka 1972. Sisi chakula chetu ni muhogo, viazi na majimbi. Hata usipotifua wakati wa kupanda, utachimba tu siku ya kuvuna. Kwa muhogo, basi, siwapigii kelele za "usiguse udongo". Ninachokihofia ni ile miezi mitatu ya mwanzo, majani yake bado machache na masika yanapiga. Panda kunde au choroko katikati ya mistari. Zitafunika, zitalisha udongo, na utakula mboga.

Bonde la mpunga liache kama lilivyo. Kule tunaburuga makusudi ili udongo uvurugike ushike maji.

Maweni nayo, kama Micheweni au Makunduchi, yana mambo yake. Udongo umekaa kwenye vishimo vya mawe, na wazee walipanda kwa muo, ule mti wa kuchimbia, bila kutifua chochote, kabla jina "kilimo hifadhi" halijafika visiwani. Kinachoiua ardhi ile ni moto, na kurudi palepale kabla kichaka hakijakua.

Magugu yatakusumbua, nakwambia mapema. Mwaka wa kwanza na wa pili palizi huongezeka, na kwa kawaida hiyo kazi huwaangukia wanawake. Wenye mashamba makubwa hupiga dawa. Mimi dawa hiyo kwenye maweni siishauri, maji hupenya kwenye mawe upesi yakaingia visimani. Matandazo yawe manene, vidole vinne vilivyolazwa pamoja, na ndago uing'oe mapema.

Kabla ya kuacha jembe, chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko. Ukikuta mizizi imepinda kwenda pembeni, kuna tabaka gumu lililokandamizwa na jembe miaka yote. Livunje kwanza, mara moja, ndipo uache.

Yule bibi nilimwambia agawe konde lake: robo ya juu, kwenye mteremko, aijaribu kwa matandazo, iliyobaki atifue kama kawaida. Na kabla ya yote amalizane na mwenye ng'ombe.

"Mwenye ng'ombe ni kaka yangu," akasema.

Nikamwambia basi hiyo kazi ni nzito kuliko ya jembe.