Usonji hubadilika mtoto anavyokua, lakini si kwa kungoja tu

Swali ambalo wazazi hutuuliza kliniki kabla hata hawajaketi vizuri ni moja: "Daktari, mwanangu atapona?" Wapo pia wasiouliza kwa kuogopa jibu. Jibu langu lina sehemu mbili, na naomba zisitenganishwe. Usonji, kwa Kiingereza autism, si maradhi ya kutibiwa yakaisha. Ni jinsi ubongo wa mtoto ulivyoanza kujijenga tangu akiwa tumboni, na watu wengi huishi nao maisha yote. Lakini dalili zenyewe hazikai mahali pamoja. Mtoto wa miaka mitatu asiyeitika jina lake, anayetembea kwa ncha za vidole na kupanga vifuniko vya soda kutwa nzima, si lazima awe vilevile akifika miaka kumi na mitano. Wengi hupata nafuu, wengine nafuu kubwa, na wachache huzidiwa.

Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, na makala hiyo ndiyo iliyoifungulia dunia mlango wa elimu ya usonji. Wa kwanza kwenye orodha yake alikuwa Donald Triplett, mzaliwa wa 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Akiwa mdogo Donald alipenda kuzungusha sufuria na kitu chochote cha mviringo, akitikisa kichwa huku na huku, na ukimkatiza alipandwa na hasira. Familia ilimweka kwenye taasisi ya watoto, kisha ikamtoa. Baadaye akapelekwa kuishi na mume na mke wakulima, si mbali na kwao.

Kanner alimtembelea huko mwaka 1945, na alishangazwa na busara ya wakulima wale. Donald alikuwa na uraibu wa kupima vitu, basi wakampa kazi ya kuchimba kisima na kutoa taarifa kina kimefika wapi. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, wakamkabidhi farasi na plau ahesabu huku akilima. Kanner alimwona kwa macho yake akilima mistari sita mirefu na kumgeuza farasi mwishoni mwa shamba bila tabu. Shule ya kijijini ilimpokea na vituko vyake, akasoma vizuri. Alimaliza chuo, akafanya kazi kwenye benki ya mji wao, akajifunza kuendesha gari na kucheza gofu, akasafiri nchi nyingi. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, na mapenzi yake ya namba hayakumtoka hadi uzeeni. Kanner alipofuatilia watoto wale 11 na kuandika tena mwaka 1971, aliona kuwa waliofungiwa kwenye hospitali kubwa za serikali ndio waliorudi nyuma kupita wote.

Huwa nawasimulia wazazi habari hii kwa sababu inaonyesha nafuu hutoka wapi. Wakulima wale hawakupambana na tabia ya Donald ya kuhesabu, waliigeuza kuwa kazi. Usonji wake ulibaki, maisha yake yakapanuka.

Tafiti za miaka ya karibuni zinatupa picha pana zaidi. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa kumbukumbu za karibu watoto 7,000 wenye usonji katika jimbo la California. Watafiti walikuta njia sita tofauti za ukuaji. Takriban mtoto 1 kati ya 10 alianza akiwa na matatizo mazito ya mawasiliano, kisha akapiga hatua za haraka hadi akawafikia wale walioanza wakiwa na nafuu. Watoto hao mara nyingi hawakuwa na ulemavu wa akili, na mama zao walikuwa wamesoma zaidi. Mimi nalisoma hilo hivi: mama aliyesoma hana mapenzi makubwa kuliko mwingine, ila anajua mlango wa kugonga na ana nauli ya kufika. Kwa hiyo sehemu ya kile tunachokiita bahati ya mtoto ni huduma ambayo mtoto mwingine hakuipata.

Kundi jingine, la Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, lilipima watoto 125 walipokuwa na miaka mitatu na tena walipofika sita. Asilimia 29 hivi ya watoto hao dalili zao zilipungua uzito, asilimia 17 dalili zao ziliongezeka uzito, na waliobaki hawakubadilika sana. Huko Boston, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalihusu watoto 213 waliogundulika wakiwa na umri wa miezi 12 hadi 36. Walipopimwa upya wakiwa na miaka mitano hadi saba, asilimia 37 hawakufikia tena vigezo vya usonji. Wazazi wakisikia takwimu hiyo nyuso hung'aa, nami nafurahi nao, lakini lazima niseme yote. Watoto hao wengi wao walikuwa wakipata huduma. Waliokuwa nyuma sana katika kula wenyewe, kuvaa na kuwasiliana ndio ambao aghalabu usonji uliendelea. Tena kutofikia vigezo si sawa na kutohitaji msaada: baadhi ya watoto wa namna hii hubaki na wasiwasi mwingi au shida ya kutulia na kuzingatia darasani.

Kuna jambo moja ninalotaka lifike kila nyumba. Wazazi wengi wameambiwa kwamba mtoto asipoongea hadi miaka mitano, basi tena. Si kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Baltimore walitoa matokeo ya watoto 535 wenye usonji ambao walipokuwa na miaka minne walikuwa hawaongei au wanasema maneno machache tu. Walipofika miaka minane na kuendelea, asilimia 70 walikuwa wanaweza kuunga maneno, na asilimia 47 walikuwa wanaongea kwa ufasaha. Wapo ambao hawataongea kwa mdomo kamwe, nao pia wanaweza kuwasiliana kwa picha, ishara, au simu yenye programu ya kusema maneno. Usiogope kumpa mtoto picha au ishara ukidhani zitamtia uvivu wa kuongea. Utafiti unaonyesha haziuzuii usemi, na kwa baadhi ya watoto huusaidia.

Hapo hapo niseme kuhusu lugha ya nyumbani, maana kosa hili tunalikuta sana. Familia inayozungumza Kigiriama, Kihaya au Kiswahili inaambiwa iache lugha yake na iongee Kiingereza pekee ili "mtoto asichanganyikiwe". Matokeo yake mama anakuwa bubu kwa mwanawe, kwa sababu hana Kiingereza cha kubembelezea wala cha kuimbia, na bibi anayeshinda na mtoto kutwa hana la kusema. Watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hawacheleweshwi zaidi kwa sababu ya lugha hizo. Ongea naye lugha unayoiota usiku.

Basi kipi hupungua na kipi hubaki? Mara nyingi mwendo wa mwili, kama kupepea mikono au kujizungusha, hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na pilikapilika za mtoto asiyetulia hupoa. Kutazamana usoni, kucheza na wengine na kuelewa maagizo huongezeka kwa wengi. Kinachokawia kuondoka ni kupenda mambo yawe yale yale: njia ile ile ya shule, kikombe kile kile, ratiba isiyovunjwa. Hisia za mwili nazo huwa haziondoki kirahisi. Mtoto wa miaka minne anayelia kwa uchungu blenda ikiwashwa, akifika kumi na miwili huenda inamuumiza vilevile. Tofauti ni kwamba sasa anaziba masikio, anatoka nje, au anamwambia mama "zima". Mgeni atasema ameacha. Mama anajua hajaacha, amejifunza afanye nini.

Ndiyo maana siwashauri wazazi kuhesabu dalili kila mwezi. Tazameni anaweza kufanya nini leo ambacho mwaka jana hakukiweza. Na ujuzi huo hufundishwa. Chukua shati la shule. Mtoto akipewa vifungo vyote sita afunge peke yake, atakata tamaa na kulia. Mzazi afunge vitano, amwachie cha mwisho kabisa, na amsifu pale pale akikifunga. Akikizoea, mwachie viwili. Kwa kuanzia mwisho namna hii, mtoto kila siku anaonja kumaliza kazi. Kutumwa dukani ni vivyo hivyo: kwanza mwende wote, kisha wewe usimame hatua chache nyuma naye ashike noti na picha ya pakiti ya chumvi, na mwenye duka awe ameshaambiwa asubiri bila kumharakisha. Mwenye duka huyo ni sehemu ya huduma kama nilivyo mimi.

Baadhi ya watoto, hasa wasichana, huonekana wamepata nafuu kumbe wanajificha. Msichana anatazama wenzake wanavyocheka, anacheka. Wanavyosalimiana, anaiga neno kwa neno. Anajilazimisha kumwangalia mwalimu machoni. Shuleni wanamsifu kwa upole wake. Akifika nyumbani anatupa begi, anajifungia chumbani, au analipuka kwa jambo dogo la mboga kugusana na ugali. Kujificha huko kunachosha mno, na kwa vijana na watu wazima kumeonekana kwenda pamoja na wasiwasi, sonona na hata mawazo ya kujiua. Mzazi akiambiwa na mwalimu "hana shida yoyote" huku nyumbani mambo yanawaka, aamini anachokiona nyumbani na akieleze kliniki.

Umri wa balehe unahitaji uangalizi wa pekee. Mwili unabadilika na mtoto hapendi mabadiliko, basi aambiwe mapema kuliko wenzake, kwa picha na maneno ya wazi: hedhi ni nini, pedi inabandikwaje, sehemu gani za mwili haziguswi na mtu, mambo gani hufanywa faraghani tu. Kimya chetu cha aibu kinawaweka watoto hawa hatarini, kwa sababu wanaowadhulumu hutafuta asiyeweza kusema. Ni umri pia ambao kifafa kinaweza kuanza kwa baadhi yao hata kama utotoni hakikuwapo.

Halafu kuna ukuta wa kumaliza shule. Utafiti uliofuatilia zaidi ya vijana 200 nchini Marekani ulionyesha kuwa nafuu waliyokuwa wakiipata mwaka hadi mwaka ilipungua kasi baada ya kutoka shuleni. Hapa kwetu kijana akimaliza hujikuta ameketi barazani, hana pa kwenda asubuhi, na ujuzi uliojengwa kwa miaka unaanza kulegea. Kabla ya mwaka wa mwisho itafutwe shughuli yenye utaratibu: fundi cherehani atakayemkubali, banda la kuku la familia, chuo cha ufundi kilicho tayari. Hili inatupasa kuziambia serikali zetu na waajiri kwa sauti kubwa zaidi, nami nalisemea.

Kwa kuwa nimesema dalili hubadilika, sitaki mtu achukue maneno haya kama ruhusa ya kukaa. "Hata baba yake alichelewa kuongea, atakua tu" ni kauli yenye nia njema iliyowapotezea watoto wengi miaka yao bora ya kujifunza. Wala sitaki mzazi auze kiwanja kununua tiba ya miujiza. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Zipo dawa zinazosaidia kifafa, usingizi au hasira kali za kujiumiza, nazo hutolewa na daktari. Kemikali za kung'arisha nguo zinazouzwa kama tiba ya kunywesha ni sumu, na dawa za "kutoa madini mwilini" zimewahi kuua mtoto huko Marekani.

Mtoto aliyekuwa akiendelea vizuri akipoteza ghafla maneno, akiacha kula, akianza kujipiga au kuganda muda mrefu bila kusogea, usiseme ni usonji wake. Mpeleke hospitali. Jino linalouma, sikio lenye usaha, choo kigumu, kifafa, au kudhulumiwa na mtu anayemjua, yote hujionyesha hivyo kwa mtoto asiyeweza kueleza.

Upimaji nao usiwe wa mara moja maishani. Tunashauri mtoto arudi kupimwa kabla ya kuanza shule, anapokaribia balehe, kabla ya kumaliza shule, na wakati wowote jambo kubwa likibadilika, kwa uzuri au kwa ubaya. Mkija, leteni kadi ya kliniki, daftari moja la mwaka jana na moja la mwaka huu, na video fupi za simu mlizochukua nyumbani: akila, akicheza na ndugu zake, akikasirika. Video ya dakika mbili ya mtoto akivaa viatu mwenyewe hutuambia mengi ambayo chumba chetu cha kliniki, chenye harufu ya dawa na watu asiowajua, hakiwezi kutuonyesha. Na aje yule anayeshinda naye kutwa, awe bibi, dada wa kazi au kaka mkubwa. Maswali yetu mengi yeye ndiye mwenye majibu.