Kanzu Peke Yake Haimfanyi Mtu Padri: Nani Anahudumu Parishini na kwa Idhini ya Nani

Tangu Pasaka ofisi ya parishi yetu ya Kianglikana hapa Zanzibar imekuwa ikipokea malalamiko ya namna moja. Mtu anapata ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya padri, anaombwa sadaka ya paa au mchango wa mgonjwa, na namba ya kutumia fedha ni ya mtu asiyejulikana. Juzi alikuja mama mmoja kutoka Ng'ambo, simu mkononi. "Baba Padri kaniandikia mwenyewe," akasema, "na mimi nimeshatuma." Padri alikuwa chumba cha pili, hajaandika kitu. Tulimwelekeza mama yule polisi na kwa kampuni ya simu. Fedha hazijarudi.

Tumeona bora tueleze nani ni nani parishini, anaruhusiwa kufanya nini, na nani kamruhusu. Maelezo haya ni ya jumla. Pale yatakapogongana na agizo la askofu, agizo la askofu ndilo linalofuatwa.

Kanisa Anglikana lina daraja tatu za huduma takatifu: askofu, padri na shemasi. Hilo kila muumini analijua. Kinachosahaulika ni kwamba daraja peke yake haitoshi. Padri halali anaweza asiwe na ruhusa ya kuhudumu hapa, kwa sababu ruhusa hiyo hutoka kwa askofu wa dayosisi hii. Akija mgeni, hata awe na miaka 30 ya upadri, huleta barua ya askofu wake inayothibitisha kuwa yuko katika hali njema kwao. Barua husomwa, huthibitishwa kwa mawasiliano ya ofisi kwa ofisi na si kwa namba aliyoileta mwenyewe, kisha askofu wetu ndiye anayetoa idhini, kwa maandishi, akitaja ni kwa huduma ipi na mpaka lini. Kabla ya hapo mgeni anakaa na waumini, anaimba na waumini, anapokea komunyo kama waumini wengine. Wapo wanaotuona tuna roho mbaya kwa hili. Kanzu na kola hushonwa na fundi yeyote, na kanzu hasa, hapa kwetu, haithibitishi kitu.

Shemasi anabatiza, anahubiri, anasoma Injili, anasaidia kugawa komunyo. Haadhimishi Misa wala hatoi ondoleo la dhambi. Katekista, yaani mwalimu wa dini asiye na daraja, na wasomaji si mashemasi, na ukimkuta katekista anaongoza sala kijijini Jumapili nzima usiulize kwa nini hakuna Misa, uliza padri anakuja lini. Lipo jambo moja analoweza kulifanya Mkristo yeyote: mtoto akiwa anakata roho na padri yuko mbali, mtu huyo ambatize kwa maji, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kisha aje ofisini atoe taarifa ili iandikwe. Wengi wanafanya la kwanza na kulisahau la pili.

Wageni kutoka Marekani hutuuliza rekta wetu, yaani padri mkuu wa parishi, ni nani, na vestri, yaani halmashauri ya parishi ya kwao, inakutana lini. Kanisa la Episkopali la kule ni ndugu yetu katika Ushirika wa Kianglikana, na jina lake lenyewe linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mwangalizi, yaani askofu. Ila utaratibu wa nyumba unatofautiana. Kwao waumini huchagua vestri katika mkutano wa mwaka, na vestri ndiyo inayomtafuta na kumwita rekta, askofu akiwa ameridhia. Kwetu padri hupangwa na askofu, na halmashauri ya parishi humpokea na kufanya naye kazi. Kwa hiyo wazee wanaokuja kutuambia "tumeshampata padri wetu, tunamtaka huyu" wanapoteza nauli. Tunawasikiliza kwa heshima, tunaandika waliyosema, tunayapeleka yanakohusika, basi.

Waliobaki ni watumishi wasio na daraja: katibu, mweka hazina, sakristani anayetunza vyombo vya ibada, mpiga kinanda, walimu wa Skuli ya Jumapili, mlinzi, mama anayefagia kanisa. Wengine wanalipwa, wengi wanajitolea. Hakuna hata mmoja mwenye mamlaka ya kukuuzia huduma ya kanisa. Ubatizo hauna bei. Kipaimara hakina bei. Kuingia kusali hakuna tiketi. Hili la tiketi nalisema kwa sababu wanaokwenda Mkunazini kutembelea Kanisa Kuu na mahali palipokuwa soko la watumwa hadi 1873 huzoea kulipa getini, kisha wanadhani Jumapili nayo iko hivyo. Na anayewatembeza wageni akiwaonesha altare na msalaba uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa, ni mtembeza wageni. Si lazima awe mtumishi wa parishi.

Sadaka hutolewa ibadani au katika akaunti ya benki ya parishi, ambayo ina jina la parishi na si la mtu. Kila sadaka huhesabiwa na watu wasiopungua wawili, huandikwa kitabuni siku ileile, wote hutia saini, na mweka hazina hupokea akiwa wa tatu. Ukitoa ofisini, dai risiti. Karani akikuambia kitabu cha risiti kimekwisha, rudi na fedha zako uje kesho. Mtumishi anayepokea fedha kwenye simu yake binafsi kwa jina la parishi atajieleza mbele ya halmashauri, na ikibidi mbele ya polisi. Akiwa ni padri, shauri lake linakwenda kwa askofu. Ndugu zetu wa Marekani wametenga sehemu ya nne nzima ya kanuni zao kwa nidhamu ya wenye daraja, na adhabu zilizotajwa humo ni onyo, kusimamishwa huduma, na kuvuliwa daraja. Anayedhani mapadri hawana wa kuwauliza hajakaa ofisini kwetu wiki moja.

Sasa lililo zito kuliko fedha. Mwaka 2019 Baraza la Ushauri la Kianglikana, chombo cha makanisa ya Kianglikana ya dunia nzima, lilipokutana Hong Kong, lilipokea miongozo ya usalama wa watu wote ndani ya kanisa, na tangu hapo hatuna kisingizio. Kila anayefundisha watoto anajulikana na kuandikwa jina. Hakuna mtu mzima kukaa na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, awe padri, awe mwalimu wa kwaya. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Binti wa miaka 16 anayeimba kwaya vizuri kuliko watu wazima bado ni mtoto.

Kikwazo chetu kinajulikana: muhali, yaani kuoneana haya. Mtuhumiwa ni jirani, ni mume wa rafiki yako, kakusomeshea watoto. Familia inakuja kwa padri na neno moja, "Baba, tuyamalize wenyewe kwa wenyewe." Hatuyamalizi. Padri hana mamlaka ya kusuluhisha jinai, na wala hatuoni haya kulirudia kila mwezi. Mtoto apelekwe kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali. Mnazi Mmoja kipo, na Pemba pia vipo. Hapo hukutana daktari, polisi na ustawi wa jamii, ili mtoto asihadithie mkasa wake mara nne mbele ya watu wanne. Msimkoshe, msifue nguo zake. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, mfuko wa plastiki huharibu ushahidi. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Sheha, kiongozi wa serikali mtaani, naye apewe taarifa, lakini kwenda kwa sheha si badala ya kwenda hospitali.

Huulizwa hapa habari ya siri ya kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri. Yaliyosemwa katika kitubio padri hayatoi kwa mtu yeyote. Ila mazungumzo ya barazani, ya simu, ya baada ya Misa mlangoni si kitubio, hata ukianza kwa kusema "Baba, iwe siri." Na siri ya kitubio inamfunga padri, haimfungi mama mzazi.

Tumalizie na vyeti, maana nusu ya foleni yetu ni vyeti. Cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliowekwa kwa Sheria Namba 3 ya 2018, na kwao ndiko kunakosajiliwa vizazi, vifo, ndoa na talaka. Sisi hatuna uwezo wa "kukurekebishia mwaka" ili upate kazi au pasipoti. Kilichoandikwa daftarini ndicho tutakachonakili, kwa herufi zilezile, hata kama karani wa zamani alikosea jina la baba yako. Ukitaka marekebisho, lete ushahidi wa maandishi, nasi tutaandika maelezo pembeni bila kufuta. Kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, na aliyeomba aghushiwe haponi kwa kuwa kalamu haikuwa mkononi mwake.

Wanaotaka kufunga ndoa waje mapema. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na kama bibi na bwana wanatoka parishi mbili, hutangazwa kote kuwili. Mwenye pingamizi alitoe wakati huo.

Wanatujia pia watu, Wakristo na Waislamu, wanaotafuta asili za wazee wao, hasa familia zenye mizizi Mbweni, kijiji walichowekwa watu waliokombolewa utumwani. Hao tunawapokea kwa furaha, na wasione haya kwa kuwa si waumini wetu. Njooni siku za kazi asubuhi, mkiwa na kitambulisho. Muulizeni kwanza bibi au babu aliyebaki nyumbani jina la ubatizo la huyo mnayemtafuta, maana wengi walipewa jina jipya siku ile, na daftarini mara nyingi ndilo lililoandikwa. Jina aliloitwa nyumbani, hata kama mji mzima ulimjua kwalo, huenda lisiwemo.