Seva inaponyamaza: namna ninavyofuatilia nakala rudufu

Kazi yangu ni kutunza seva za taasisi ndogo, yaani SACCO, zahanati na shule za bweni, kati ya Kampala, Jinja na Mbale. Nyingi zina seva moja tu, iliyowekwa chini ya meza ya mhasibu au ndani ya stoo, nayo ndiyo inayobeba akiba, mikopo na marejesho ya wanachama wote. Ninapomuuliza mteja mpya kama ana nakala rudufu, karibu kila mara hujibu kwamba anazo, wala hasemi uongo, kwa maana ipo skripti, yaani orodha ya amri za kompyuta, inayoendeshwa kila usiku na ipo folda iliyojaa mafaili. Linalomkwamisha ni swali la pili: ni lini mara ya mwisho data zilirejeshwa kutoka kwenye mafaili hayo, zikafunguka na kusomeka?

Ufuatiliaji wa mifumo mingi niliyoikuta umejengwa juu ya kungoja kosa: kazi ikishindwa, barua pepe itumwe. Mpango huo unatosha pale kosa linapojitangaza. Lakini seva iliyozimika haitumi barua, skripti iliyofutwa kwenye ratiba hailalamiki, na kazi iliyoharibika nusunusu huweza kuripoti kwamba imekamilika salama. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika fani hii mshindo huo husikika siku ambayo diski imekufa na nakala inatafutwa.

Chukua skripti ambayo nimeikuta mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Amri ya pg_dump hutoa data kutoka PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kisha kwa alama ya mstari wima data hizo hupitishwa kwa gzip, ambayo huzibana na kuziandika kwenye faili lenye tarehe ya siku. Nenosiri la hifadhidata likibadilishwa, pg_dump hushindwa papo hapo na haitoi kitu. Gzip haijui hilo: hupokea utupu, huubana utupu, na hutoa faili halali la baiti 20. Kwa kawaida bash, programu inayoendesha skripti, hutazama matokeo ya amri ya mwisho peke yake katika mnyororo wa namna hiyo, kwa hiyo skripti nzima huhesabiwa kuwa imefaulu. Lalamiko la pg_dump huchukuliwa na cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, na kutupwa kwenye sanduku la barua la ndani ya seva ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifungua. Mkurugenzi akichungulia folda huona mafaili yamepangana kwa tarehe bila pengo, akaridhika. Mstari mmoja wa «set -o pipefail» mwanzoni mwa skripti hufanya kushindwa kwa pg_dump kuhesabike. Hata hivyo, hautoshi peke yake, kwa sababu bado unategemea kuwapo kwa mtu wa kusoma lalamiko.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya wanyonge tu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu za watu, akidhani yuko kwenye hifadhidata ya akiba, alifuta folda ya data kwenye hifadhidata kuu, na kati ya takriban GB 300 zikasalia GB 4.5. Nakala za pg_dump zilizopaswa kuwa kwenye hifadhi ya mbali hazikuwapo, kwa sababu amri iliyokuwa ikitumika ni ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya 9.6. Barua za kutangaza kosa zilikuwa zikitumwa, lakini seva ya kupokea barua ilizikataa kwa kuwa hazikutimiza masharti ya uthibitisho wa mtumaji. Kilichowaokoa ni nakala ya diski ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya majaribio. Walieleza yote hadharani, na ninawaheshimu kwa hilo.

Dawa yake ni kugeuza swali. Badala ya kuuliza kama kuna kosa, mfumo uulize ni lini kazi ilifaulu mara ya mwisho. Ni kama askari wa usiku anayepaswa kugonga kengele kila saa: mwenye nyumba huamka pale asipoisikia. Skripti zangu hutuma ishara mwishoni kabisa, baada ya kuhakikisha kwamba faili limefunguka, kwamba ukubwa wake haujashuka ghafla kuliko la jana, na kwamba limefika linakopelekwa. Mashine nyingine, iliyo mahali pengine, huhesabu muda tangu ishara ya mwisho. Saa 26 zikipita, hunitumia ujumbe mfupi kwa modemu ya GSM, usiohitaji intaneti. Zile mbili za ziada ni za usiku ambao umeme umekatika na kazi ikachelewa. Anayetumia Prometheus, programu ya kufuatilia vipimo vya seva, ajihadhari na jambo moja: kanuni inayolinganisha muda wa mafanikio ya mwisho na saa ya sasa haitoi tahadhari yoyote ikiwa kipimo chenyewe kimetoweka, kwa hiyo inahitajika kanuni ya pili inayoshtuka kwa kukosekana kwa kipimo.

Kwamba mfuatiliaji asilale nyumba moja na anayefuatiliwa, Amazon ilijifunza mbele ya dunia nzima. Tarehe 28 Februari 2017 huduma yake ya kuhifadhi data, S3, katika kanda ya Virginia Kaskazini ilianguka, na ukurasa wa kutangaza hali ya huduma ukashindwa kubadilishwa kwa takriban saa mbili, kwa sababu nao ulitegemea S3.

Kwetu umeme huongeza vituko vyake. Watu hulinda seva kwa UPS, kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika, halafu huisahau betri mpaka siku inaposhindwa kuhimili hata dakika moja. UPS inayounganishwa kwa waya wa USB huweza kuripoti chaji na mzigo, na programu ya NUT huizima seva kwa utaratibu kabla betri haijakata. Kuna hitilafu nyingine ambayo huwachanganya hata mafundi. Kibetri kidogo cha ubao mama kikiisha, seva ikizimika na kuwaka tena hurudi na tarehe ya miaka iliyopita. Kwa tarehe hiyo vyeti vya usalama vya seva za mbali huonekana havijaanza kutumika, muunganisho unakataliwa, na nakala haiondoki nchini. Fundi hukagua mtandao, hukagua nenosiri, hubadilisha hata kebo, kumbe ni kibetri cha CR2032. Siku hizi kupotoka kwa saa ni miongoni mwa vipimo vyangu vya kwanza, pamoja na nafasi ya diski.

Kuhusu diski zenyewe sina mengi. Vipimo vya SMART, ambavyo diski hujipima afya yake yenyewe, visomwe, lakini visiaminiwe kupita kiasi: utafiti wa Google wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo lolote katika vipimo vinne vikuu. Nayo RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, huokoa data diski moja ikifa, lakini si zaidi ya hapo. Data iliyofutwa kwa makosa hufutwa kote mara moja.

Nakala ya mbali ina mitihani miwili hapa Uganda. Wa kwanza ni wa mtandao: wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na aliyetegemea hifadhi ya ng'ambo pekee hakuwa na pa kupeleka. Ndiyo maana ninasisitiza pia diski iliyosimbwa, isiyosomeka bila nywila, inayokaa mji mwingine na kubadilishwa kila wiki. Wa pili ni wa kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi data binafsi nje ya nchi ahakikishe huko kuna ulinzi unaolingana, au awe na ridhaa ya mwenye data. SACCO nyingi hazijawahi kuwauliza wanachama wao.

Kisha huja zoezi la kurejesha, ambalo bila hilo yote niliyoeleza ni dhana. Kila robo mwaka tunachukua kompyuta tupu, tunarejesha nakala ya jana, na mhasibu, si mimi, hufungua akaunti anazozichagua mwenyewe na kulinganisha salio na risiti za karatasi. Muda tuliotumia huandikwa, maana bodi inapouliza huduma itarudi baada ya saa ngapi, jibu litoke kwenye daftari hilo. Zoezi hufanywa kwa kutumia nywila ya usimbaji iliyo ndani ya bahasha, kamwe si ile iliyohifadhiwa kwenye seva, kwa sababu seva ikiungua nywila huungua nayo, na restic, programu ninayotumia kusimba nakala, haina mlango wa nyuma. Bahasha ni mbili, moja kwa mwenyekiti na nyingine benki, na baada ya kila zoezi hufungwa upya kwa sahihi za watu wawili.