Nchi Ikiandikwa Kuwa Inafadhili Ugaidi

Kwa kinyozi wetu hapa Kondele, Kisumu, mambo ya dunia huamuliwa kabla kichwa hakijaisha kunyolewa. Juzi mteja mmoja alishikilia kwamba Umoja wa Mataifa ndio unaotoa orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi. Sivyo. Umoja huo una vikwazo vyake, lakini orodha inayotajwa kwenye taarifa za habari ni ya Marekani. Ilianza mwaka 1979, na mwenye kalamu ni Waziri wa Mambo ya Nje wa huko. Hakuna kesi wala hakimu.

Wengine huapa kuwa Afghanistan imo. Haijawahi kuandikwa, hata Taliban walipomhifadhi Osama bin Laden. Na Al-Shabaab ni kundi, si nchi. Makundi yana orodha yao.

Sudan ndiyo inayotugusa. Wengi hudhani iliandikwa kwa sababu ya bomu lililolipua ubalozi wa Marekani Nairobi, Agosti 7, 1998. Ilikuwa imeandikwa tangu 1993. Vikwazo vya biashara viliondolewa 2017, watu wakadhani yamekwisha, kumbe jina lilibaki hadi Desemba 2020, baada ya Sudan kukubali kulipa dola milioni 335 kwa wahanga. Hapo tena kuna kosa: hela hizo hazikuwa za kila aliyeumia. Mwenye kesi katika mahakama za Marekani, kwa kuwa raia wake au mfanyakazi wa ubalozi, ndiye aliyehesabiwa. Mkenya aliyekuwa akijipitia zake Moi Avenue hakuwamo. Mimi hilo bado linanikera.

Eti ukiingia hutoki? Cuba ilitolewa 2015, ikarudishwa Januari 2021. Angalia nani alikuwa Ikulu ya Marekani nyakati hizo, kwanza Obama, kisha Trump, utaelewa kalamu hiyo haiandiki kwa wino wa ushahidi peke yake.

Halafu mteja wetu akasema Kenya nayo haiwezi kushirikiana na nchi iliyoandikwa. Mbona madaktari wa Cuba walibaki katika hospitali zetu za kaunti hadi 2023? Orodha hiyo ni sheria ya Marekani, haitufungi sisi. Ila dola inatufunga. Iran imo tangu 1984 na kwa miaka mingi imenunua chai yetu, ya Kericho na Nandi ikiwemo. Hata mnunuzi akiwepo na chai ikiwepo, benki nyingi huogopa kugusa malipo hayo, maana zikikosana na Marekani zitakosa njia ya kupitishia dola.