"Uncle" kwa Kiurdu si "chacha" tu

Wengi wanaojifunza Kiurdu kupitia Kiingereza hukariri kwamba "uncle" ni "chacha", wakadhani wamemaliza. Sivyo. Chacha ni ndugu wa kiume wa baba, hasa mdogo wake. Kaka mkubwa wa baba ni "taya", na ndugu wa kiume wa mama ni "mamu". Mume wa shangazi ana jina lake, "phupha". Mume wa dada wa mama ni "khalu". Kiingereza ndicho kilichowabana wote hao katika neno moja. Sisi tuliozoea kumtenga mjomba na baba mdogo hatuna haja ya kuzungukia huko: mamu ni mjomba, taya ni baba mkubwa, basi. (Watu wa pwani mjihadhari tu: "ammi" kwa Kiurdu ni mama, si ami, yaani ndugu wa kiume wa baba.)

Lakini Karachi na Lahore, miji ya Pakistan, utasikia "ankal", yaani "uncle" ile ile ya Kiingereza, kila kona. Anayeitwa hivyo mara nyingi si ndugu hata kidogo. Ni mwenye duka, jirani, rafiki wa baba, mwanamume yeyote wa makamo anayestahili heshima. Na uangalie umri: mtu wa miaka 35 akiitwa "ankal" na kijana wa 25 anaweza kununa.